Mwanga Unaopima Oksijeni: Namba ya Kidoleni Haisemi Habari ya Mfupa

Tangu janga la Uviko-19, oksimita ya kidole imeingia majumbani. Ni kile kidude kidogo kinachobana ncha ya kidole, kinawaka taa nyekundu, na baada ya sekunde chache kinaonyesha namba mbili: mapigo ya moyo na kiwango cha oksijeni kwenye damu. Watu wamekizoea na wanakiamini. Mtoto mwenye selimundu akilia kwa maumivu ya miguu, kifaa kinaletwa. Kikisoma 98, wazazi wanashusha pumzi. Kijana aliyevunjika mguu kwa ajali ya bodaboda akilalamika kuwa plasta inambana, anapimwa kidoleni. Ikisoma 97, anaambiwa avumilie mpaka asubuhi.

Namba hizo zinaweza kuwa za kweli kabisa, na bado mfupa au msuli wa mtu huyo ukawa unakosa oksijeni saa hiyohiyo. Kifaa hakijadanganya. Kimejibu swali lingine, tofauti na lile alilokuwa nalo mzazi kichwani.

Makala haya yanaeleza jinsi mwanga unavyotumika kupima oksijeni mwilini, vihisi vya aina gani vimebuniwa kwa ajili ya kuufikia mfupa wenyewe, vimegundua nini, na wewe msomaji ufanye nini ukiwa nyumbani au wodini.

Mfupa ni hai, nao unahitaji oksijeni

Mifupa tunayoiona buchani imekwisha kuishiwa damu, ndiyo maana ni rahisi kudhani kwamba mfupa ni nguzo tu ya kubebea nyama. Mfupa wa mtu aliye hai una damu tele. Katika damu yote inayosukumwa na moyo, sehemu inayokaribia asilimia 10 huenda kwenye mifupa. Mshipa mkuu wa mfupa mrefu huingia kwa tundu dogo, kisha hugawanyika ndani ya uboho kuelekea juu na chini. Utando unaoufunika mfupa kwa nje nao una mishipa yake, inayolisha tabaka la nje. Katika sehemu ngumu yenyewe mna mifereji myembamba, ambayo tabibu Mwingereza Clopton Havers aliieleza mwaka 1691. Humo hupita mishipa midogo inayozihudumia seli zilizojificha ndani ya mfupa.

Oksijeni hiyo ina kazi. Uboho hutengeneza chembe za damu usiku na mchana. Seli za kujenga mfupa na seli za kuubomoa hufanya kazi pamoja maisha yote, na mfupa ukivunjika ndizo zinazouunga. Zikikosa damu kwa muda mrefu zinakufa, na mfupa unabaki umesimama kwa muda kabla ya kuanza kubomoka.

Si kila mfupa una njia nyingi za kupata damu. Kichwa cha fupa la paja, lile donge la mviringo linaloingia kwenye nyonga, hutegemea mishipa midogo inayopanda kando ya shingo ya mfupa. Shingo ikivunjika, mishipa hiyo huweza kukatika. Skafoidi, mfupa mdogo wa kifundo cha mkono upande wa dole gumba, hupokea damu yake nyingi kwa upande ulio karibu na vidole. Ukivunjika katikati, kipande kilicho upande wa kiwiko huweza kubaki bila damu. Hii ndiyo sababu daktari anaweza kukufunga plasta kwa maumivu ya kifundo cha mkono hata kama picha ya kwanza ya X-ray haionyeshi ufa. Anaulinda mfupa ambao ukipuuzwa hauungi.

Mwanga unavyosoma damu

Damu iliyobeba oksijeni ni nyekundu angavu. Damu iliyokwisha kuitoa oksijeni huwa nyekundu yenye weusi. Tofauti hiyo inatokana na himoglobini, protini iliyomo ndani ya chembe nyekundu, ambayo hubadili namna inavyomeza mwanga kila inaposhika au kuachia oksijeni.

Oksimita hutumia mianga miwili. Mmoja ni mwekundu unaoonekana, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 660 hivi. Mwingine ni wa infraredi, usioonekana kwa macho, wa nanomita 940 hivi. Himoglobini isiyo na oksijeni humeza zaidi ule mwekundu. Yenye oksijeni humeza zaidi wa infraredi. Taa ziko upande mmoja wa kidole, kihisi kiko upande wa pili. Kifaa hulinganisha kiasi cha kila mwanga kilichofanikiwa kupita.

Kidole kina ngozi, nyama, mfupa na damu ya vena, navyo vyote humeza mwanga. Mhandisi Mjapani Takuo Aoyagi, wa kampuni ya Nihon Kohden, ndiye aliyelitatua tatizo hilo mwaka 1974. Aligundua kuwa sehemu ya mwanga inayopanda na kushuka kila moyo unapopiga hutokana na damu ya ateri peke yake. Kifaa kikichukua sehemu hiyo inayodunda na kuachana na vingine vyote, kinapata oksijeni ya ateri bila kumchoma mtu sindano. Leo oksimita imo katika orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa mwaka 2008, na imeokoa watu wengi katika vyumba vya upasuaji na wodi za watoto.

Lakini ugunduzi huohuo ndio unaoweka mpaka wake. Oksimita husoma damu ya ateri inayotoka mapafuni na moyoni, ikiwa bado haijaanza kugawa oksijeni. Mfupa wa kidole umo njiani mwa mwanga, na kifaa kinautupa makusudi. Kuitumia namba hiyo kujua hali ya mfupa ni sawa na kupima presha ya bomba kuu la maji barabarani ukadhani umejua kama nyumba ya mwisho mtaani inapata maji. Bomba kuu linaweza kujaa huku bomba dogo la kwenda nyumba ile limeziba.

Kihisi cha juu ya ugoko

Njia ya kwanza ya kuukaribia mfupa ni kutumia mwanga unaopenya zaidi. Mwaka 1977 Frans Jöbsis wa Duke University, Marekani, alionyesha kwamba mwanga wa infraredi ya karibu, ule unaoanzia pale wekundu unaoonekana unapoishia, hupita kwenye nyama na hata kwenye mfupa wa fuvu vizuri kiasi cha kusoma oksijeni ya ubongo. Tangu hapo vihisi vya aina hii vimeingia kwenye hospitali kubwa, hasa kwa kufuatilia ubongo wa mgonjwa anayepasuliwa moyo na watoto wachanga wanaouguzwa katika chumba cha uangalizi maalumu.

Kihisi chenyewe ni kipande bapa kinachobandikwa kwenye ngozi. Taa iko mwisho mmoja. Sentimita chache pembeni yake kuna kipokezi, na vyote viwili viko upande uleule wa mwili. Mwanga huingia, hutawanyika ndani ya tishu, na sehemu yake ndogo hurudi juu kwenye kipokezi. Umbali kati ya taa na kipokezi ukiongezwa, mwanga unaorudi huwa umetoka ndani zaidi, ingawa kina chenyewe hubaki cha sentimita chache tu.

Watafiti wa mfupa wamelipenda fupa la ugoko. Pitisha kidole sehemu ya mbele ya mguu wako, chini ya goti: hapo kati ya ngozi na mfupa hakuna msuli. Kihisi kikikaa hapo, sehemu kubwa ya mwanga unaorudi huwa imepitia mfupani. Kwa njia hiyo wameweza kuona jinsi damu na oksijeni ya mfupa inavyobadilika mtu anapofungwa kwa muda mkanda wa kuzuia damu pajani, anapoinua mguu au anapofanya mazoezi.

Kihisi hiki hakichagui ateri peke yake. Husoma mchanganyiko wa damu yote iliyopo mahali pale, ya ateri, ya kapilari na ya vena. Kwa hiyo hueleza jambo ambalo oksimita haiwezi kulieleza: kati ya oksijeni inayofika na oksijeni inayotumika, kimebaki nini. Udhaifu wake ni kwamba husoma himoglobini, yaani gari linalobeba oksijeni, na si oksijeni iliyoteremshwa kwenye seli. Mafuta yaliyo chini ya ngozi pia huvuruga kipimo. Na nyonga, ambako hatari ya mfupa kufa ni kubwa zaidi, imefunikwa na misuli minene ambayo mwanga wa juu ya ngozi hauwezi kuivuka.

Kihisi kinachong'aa ndani ya uboho

Njia ya pili ni ya ajabu zaidi, na ndiyo iliyofumbua mambo mengi kuhusu mfupa. Badala ya kuitazama himoglobini, wanasayansi hutia kwenye damu kemikali ambayo ikimulikwa huendelea kung'aa kidogo baada ya taa kuzimwa. Mng'ao huo hudumu kwa maikrosekunde tu, na maikrosekunde moja ni sehemu moja ya milioni ya sekunde. Lakini kila molekuli ya oksijeni inayogongana na kemikali hiyo huizima mapema. Mahali penye oksijeni nyingi mng'ao hukatika haraka; mahali penye oksijeni kidogo hudumu zaidi. Ukipima muda wa mng'ao, umepima oksijeni yenyewe.

Kanuni ya hesabu hiyo iliandikwa na Otto Stern na Max Volmer mwaka 1919. Walioifanya ifae kwa tishu hai ni watafiti wa University of Pennsylvania, Marekani, akina Jane Vanderkooi na David Wilson, ambao mwaka 1987 walichapisha njia ya kutumia porfirini zenye metali. Porfirini ni kundi la kemikali lililo na undugu na ile sehemu ya himoglobini inayoipa damu rangi. Ukiweka paladiamu au platinamu katikati yake, mahali ambapo kwenye damu hukaa madini ya chuma, unapata kemikali inayong'aa kwa muda unaotosha kupimika.

Uzuri mkubwa wa njia hii ni kwamba kinachopimwa ni muda wa mng'ao, si ukali wake. Mfupa hutawanya mwanga na kuufifisha kwa sababu umejaa chembechembe za madini. Kipimo kinachotegemea ukali wa mwanga kingechanganyikiwa humo. Muda wa kuzimika haubadiliki kwa sababu tu mwanga umefifia njiani.

Mwaka 2014 jarida la Nature lilichapisha matokeo ya kundi la watafiti wa Marekani waliopima hivyo ndani ya uboho wa panya walio hai. Walichagua mfupa wa fuvu, kwa sababu kwa panya ni mwembamba kiasi kwamba leza ya hadubini huupenya bila kuutoboa. Waliingiza porfirini ya platinamu kwenye damu, wakamulika nukta moja baada ya nyingine, wakasubiri kila nukta izimike, na kutoka hapo wakachora ramani ya oksijeni mshipa kwa mshipa.

Ili kuielewa ramani hiyo, anza na hewa. Usawa wa bahari, kama Mombasa au Dar es Salaam, shinikizo la oksijeni hewani ni kama milimita 160 za zebaki. Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hushuka hadi karibu 130. Kwenye damu ya ateri ya mtu mzima mwenye afya anayeishi pwani huwa kati ya 75 na 100, na kwenye damu ya vena inayorudi moyoni ni kama 40. Ndani ya uboho wa panya wale, watafiti walikuta chini ya 32, ingawa uboho umejaa mishipa kila upande. Katika maeneo ya ndani, kando ya mishipa mipana ambamo damu huenda polepole, walikuta kama 10 tu, sawa na oksijeni asilimia 1.3. Karibu na ukuta wa mfupa, kunakopita ateri ndogo, hali ilikuwa nafuu kidogo.

Hapa pana mafunzo mawili. La kwanza: oksijeni kidogo ndani ya uboho si ugonjwa. Ni mazingira ya kawaida ya uboho, na seli mama zinazozaa damu zinaishi humo. Mtu asikutishe kwamba mifupa yako "haina oksijeni ya kutosha" ili akuuzie kitu. La pili: uboho hauna akiba kubwa. Mahali ambapo kawaida yake ni 10, kupungua kidogo kwa damu inayoingia ni jambo zito.

Vihisi hivi vinavyong'aa bado ni vyombo vya maabara. Kemikali inayotiwa mwilini lazima kwanza ithibitike kuwa salama kwa binadamu, na mifupa yetu ni minene na imefunikwa na misuli. Usitarajie kuvikuta kama huduma ya kawaida hospitalini. Lakini maarifa yaliyotokana navyo unaweza kuyatumia leo.

Kwa nini selimundu huanzia mifupani

Katika ugonjwa wa selimundu, himoglobini huganda na kuifanya chembe nyekundu iwe ngumu na kujipinda baada ya kuachia oksijeni. Sasa fikiria mahali penye oksijeni kidogo kwa asili yake na ambako damu huenda polepole. Ndipo chembe zinapopata nafasi ya kupinda, kukwama na kuziba njia. Uboho una sifa zote hizo. Kwa hiyo haishangazi kwamba dalili ya mwanzo kwa watoto wengi ni vidole vya mikono na miguu kuvimba na kuuma, na kwamba maumivu makali ya mifupa huendelea kuwasumbua wakikua.

Maumivu hayo ni ya kweli hata kama oksimita inasoma 98. Ateri ya kidole ina oksijeni. Njia ndogo ndani ya mfupa ndiyo iliyoziba. Mzazi, mwalimu au muuguzi asimwambie mtoto kwamba anadeka kwa sababu "kipimo kiko sawa". Mtoto huyo anahitaji dawa ya maumivu inayotosha, maji ya kunywa na joto. Akiwa na homa, kifua kinachouma, pumzi fupi, udhaifu wa upande mmoja wa mwili au uvimbe wa mfupa mmoja usiopungua, apelekwe hospitali bila kuchelewa. Mfupa uliokosa damu hushambuliwa na vijidudu kwa urahisi, na maambukizi ya mfupa ni magumu kutibu yakikomaa.

Kijana au mtu mzima mwenye selimundu anayeanza kuchechemea au kuumwa kwenye kinena achunguzwe nyonga. Kichwa cha fupa la paja huweza kufa kwa kukosa damu. Hatari hiyohiyo inawakabili wanaotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, wakiwemo wanaomeza vidonge vya mitaani vya kunenepesha mwili bila kujua kilichomo, wanywaji wa pombe kupita kiasi, na wapiga mbizi wanaotumia hewa ya mitungi. Ugonjwa ukiwa mwanzoni, picha ya X-ray huweza kutoka safi kabisa. Kipimo kinachouona mapema ni MRI. Ukiambiwa X-ray haina kitu lakini maumivu hayaishi, uliza kama MRI inahitajika.

Plasta inayobana

Mguu au mkono uliovunjika huvimba. Ukivimba ndani ya plasta, au ndani ya vijiti vilivyokazwa na fundi wa kuunga mifupa, presha hupanda mpaka damu ikashindwa kuingia kwenye misuli. Msuli hauvumilii hali hiyo kwa muda mrefu. Ndani ya saa chache, mara nyingi saa sita hivi, madhara huwa ya kudumu. Wapo watoto waliopoteza mkono kwa sababu ya kufungwa vijiti tu, wakati mvunjiko wenyewe ungepona.

Watafiti wamejaribu vihisi vya infraredi ya karibu kugundua hali hii, lakini kipimo kikuu bado ni mgonjwa mwenyewe. Zingatia dalili hizi:

- Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, yasiyotulizwa na dawa aliyopewa.
- Maumivu makali sana vidole vyake vinaponyooshwa na mtu mwingine.
- Ganzi, au hisia ya kuchomwachomwa vidoleni.
- Kiungo kuwa kigumu na kukaza kinapobonyezwa.
- Vidole kuwa baridi au kubadilika rangi.

Bonyeza ukucha wa kidole kilichotokeza nje ya plasta mpaka ugeuke mweupe, kisha achia. Wekundu urudi ndani ya sekunde mbili hadi tatu. Ukichelewa, kuna tatizo. Ukirudi haraka, usiridhike bado: mapigo na rangi huweza kubaki vizuri huku msuli wa ndani unakufa. Maumivu yanayozidi peke yake yanatosha kumrudisha mgonjwa hospitali usiku uleule ili plasta ichanwe. Kusubiri asubuhi ni kosa.

Kutumia oksimita ipasavyo

Oksimita inabaki kuwa kifaa chema ukiitumia kwa kazi yake. Fuata hatua hizi:

1. Mkalishe mgonjwa chini, apumzike dakika tano. Mikono ikiwa baridi, ipashe joto kwa kuisugua.
2. Futa rangi ya kucha. Kucha zikiwa na piko au hina nyeusi, tumia kidole kisichopakwa. Kucha za bandia nazo huzuia mwanga.
3. Ingiza kidole mpaka mwisho, kitulie, mkono ukiwa umeegemezwa. Usipime juani wala chini ya taa kali.
4. Subiri namba itulie, na hakikisha mapigo yanayoonyeshwa yanalingana na unayoyahesabu kwa vidole kwenye kifundo cha mkono. Yakitofautiana, usiiamini namba ya oksijeni.
5. Andika namba, saa na hali ya mgonjwa. Mwenendo wa namba una maana kuliko namba moja.

Kwa mtu mwenye afya anayeishi pwani, 95 hadi 100 ni kawaida. Wanaoishi nyanda za juu huweza kusoma pungufu kidogo. Chini ya 90 ni dharura.

Kuna hali nne ambazo namba nzuri huweza kukupotosha. Ya kwanza ni upungufu wa damu. Oksimita hutoa asilimia ya himoglobini iliyobeba oksijeni, si wingi wa himoglobini; mtu aliyeishiwa damu kwa malaria au selimundu huweza kusoma 99 huku mwili unateseka. Ya pili ni moshi wa mkaa. Gesi ya kaboni monoksidi hujishika kwenye himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na oksimita ya kawaida huihesabu kama oksijeni. Mtu aliyelala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa atolewe nje na kupelekwa hospitali, namba isome itakavyosoma.

Ya tatu ni ngozi nyeusi. Mwaka 2020 The New England Journal of Medicine lilichapisha uchunguzi wa wagonjwa nchini Marekani. Pale oksimita iliposoma kati ya 92 na 96, karibu asilimia 12 ya vipimo vya wagonjwa Weusi vilikuwa na oksijeni halisi chini ya 88 damu ilipopimwa maabara. Kwa wagonjwa Weupe ilikuwa chini ya asilimia 4. Jambo hili linatuhusu sote: ukisoma 92 au 93 na mgonjwa anahema kwa shida, amini unachokiona. Ya nne ndiyo kiini cha makala haya: tatizo likiwa kwenye mfupa mmoja au kiungo kimoja, kidole cha mkono hakina habari zake.

Jihadhari na mashine za "kupima kila kitu"

Mitaani na kwenye semina za biashara ya mtandao wa watu kuna vifaa vya kushika mkononi vinavyodaiwa kusoma mifupa, maini, figo na damu kwa dakika moja, kisha vinatoa karatasi ndefu ya magonjwa. Baada yake huja orodha ya virutubisho vya kununua. Sasa unajua jinsi mfupa ulivyo mgumu kupimwa: maabara kubwa zililazimika kutumia leza, hadubini, porfirini ya platinamu na fuvu jembamba la panya. Kipande cha chuma cha kushikwa kiganjani hakiwezi kusoma oksijeni wala uimara wa mifupa yako. Hela hiyo ipeleke kwenye kipimo halisi hospitalini.

Na kama kuna jambo moja la kuusaidia mfupa unaounga upate oksijeni yake, ni kuacha sigara. Nikotini hubana mishipa, kaboni monoksidi ya moshi huchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu, na mifupa ya wavutaji huchelewa kuunga. Aliyevunjika mfupa leo aache leo, si baada ya plasta kutolewa.

Kipime kidole, kwani namba yake inafaa kwa mapafu na moyo. Lakini mtu akikuambia mfupa unamuuma kupita kiasi, au plasta inambana, usimjibu kwa namba ya kidoleni. Mpeleke hospitali, na ukifika umweleze mhudumu waziwazi: maumivu yalianza lini, yanazidi au yanapungua, na dawa aliyopewa imemsaidia kiasi gani.